Meno Mawili Ambayo Hayakupotea

Daktari alituonyesha kinywa cha mama yangu kwenye kioo cha kompyuta. Kilikuwa kikubwa kama sinia, kikizunguka polepole ili tukione kila upande. Fizi ya chini ilikuwa tupu, isipokuwa magego mawili yaliyobaki nyuma kabisa, moja kulia, moja kushoto. Kisha kompyuta, bila mtu kuigusa, ikaanza kuotesha meno juu ya ile fizi, moja baada ya jingine, mpaka safu ikajaa. Pale mbele katikati ikachora viduara viwili vyekundu.

"Hapa inasema kuna meno mawili yalipotea zamani, kabla ya haya mengine," daktari alisema. "Mfupa wake umenywea zaidi. Lakini usijali bibi, imeshayarudisha."

Mama alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu, shuka yake ya kujitanda ameikunja vizuri magotini. Akainua kichwa.

"Hayakupotea," alisema. "Yalitolewa. Nilikuwepo."

Nilicheka. Daktari naye alicheka, na wote tukadhani jambo limeeleweka. Sikujua kwamba kuanzia siku ile ningekwenda na kurudi pale kliniki kwa miezi minne nikigombana na kitu kisicho na uso.

Mama yangu ni Mwarusha wa Olasiti. Miaka yake haijui kamili, ila imevuka sabini na tano. Alipokuwa msichana aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini kama wenzake wote wa rika lake, na kama mama yake kabla yake. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba mtu akiugua ule ugonjwa wa kukaza taya, ananyweshwa maziwa kupitia pale. Hiyo ni kweli. Sababu ya pili, ambayo wazee hawaitangulizi, ni uzuri. Msichana mwenye safu iliyojaa alionekana kama kazi iliyoachwa katikati.

Kwa Kimaa, lugha yetu, nafasi hiyo inaitwa embuata. Kwa Kiswahili tunasema pengo, na mama hajawahi kulipenda neno hilo. "Pengo ni kitu ambacho hakipo," huwa anasema. "Hii ipo. Naitumia." Na kweli anaitumia. Anatemea mate hapo, mbali na kwa shabaha. Anaposhona shanga, uzi anaushikia hapo. Na anapigia ndama mluzi kupitia hapo, mluzi mwembamba ambao nikiwa mtoto niliuitikia hata mimi, kwa sababu hakuona haja ya kutuita watoto na ndama kwa njia mbili tofauti.

Mwaka jana meno yake ya chini yalianza kulegea. Yalitoka moja moja, mengine yenyewe, mengine kwa koleo la hospitali, mpaka akabaki na yale magego mawili. Akawa anaishi kwa uji na loshoro. Loshoro ni chakula kizuri, mahindi na maziwa mgando na ndizi, lakini mpe mtu loshoro asubuhi, mchana na jioni kwa miezi mitatu uone atakavyokutazama. Akaanza kupungua. Mikufu ya shanga aliyokuwa ameizoea shingoni ikawa inamteleza mpaka kifuani. Jumapili moja nilimkuta amejitenga na wenzake baada ya ibada, wao wanatafuna mbavu, yeye ameshika kikombe.

"Nimechoka kumeza," aliniambia. "Nataka kutafuna. Niwekee meno, lakini embuata uiache."

Hilo tu ndilo alilotaka. Nimeishi nikijazisha watu fomu, na nakuhakikishia sijaona ombi fupi kuliko hilo.

Basi nikampeleka kliniki moja ya mjini iliyokuwa inasifiwa na kila mtu pale Njiro ninakokaa. Ukutani walikuwa wamebandika tangazo kwamba wanatumia akili mnemba. Mama aliniuliza akili mnemba ni nini. Nikamwambia ni akili ya kutengenezwa, akili bandia.

"Meno bandia na akili bandia," alisema. "Angalau ni ndugu."

Siwezi kusema kwamba kila kitu pale kilikuwa kibaya, ingawa siku nyingine ningependa kusema hivyo. Zamani ukitaka meno ya kuvaa unajazwa mdomo mzima unga uliokorogwa, unausubiri ugande huku unataka kutapika. Mama hakufanyiwa hivyo. Daktari alipitisha kidude chenye kamera, chembamba kama mpini wa mswaki, juu ya fizi zake, na kabla sijamaliza kujibu ujumbe kwenye simu kazi ilikuwa imekwisha. Picha inatumwa Dar es Salaam kwa mtandao. Huko kompyuta inachora meno, mashine nyingine inayachonga, na yanarudi Arusha kwa basi kwenye kiboksi.

Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo wa hijabu, mpole, familia yao ilitoka Tanga lakini yeye kazaliwa hapa hapa mjini. Nilijua kazaliwa hapa kabla hajasema, kwa sababu meno yake yalikuwa na ule ukahawia wetu pembeni. Maji ya chini ya Mlima Meru yanatupaka rangi tangu utotoni. Ukifungua mdomo Dodoma, mtu anakuuliza habari za Arusha.

Alitusimulia kwamba mashine ilipofika mara ya kwanza, kila mgonjwa wa hapa ilimwona ameoza. Mtoto mzima wa afya anakaa kwenye kiti, kinywa chote kinawekwa nyekundu, mama yake analia. Ikabidi madaktari wa huku wakae wanairekebisha, picha baada ya picha, siyo uozo, ni maji, siyo uozo, ni maji, na kuzipeleka kwa wenye programu. Sasa imeelewa. Akaigusa na kutuonyesha: rangi ya meno ya mama iliichagua yenyewe, kahawia ile ile, na kijimstari cheusi karibu na fizi.

"Ukiionyesha mara nyingi inajifunza," alisema.

Nililipenda sana neno hilo siku ile. Nikamkumbusha aache ile nafasi ya meno mawili ya mbele. Akasema amesikia, akaandika kitu, tukaondoka.

Kiboksi kilirudi baada ya wiki mbili. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani kwa ajili ya siku hiyo. Daktari alifungua, akayaosha, akamvalisha. Yalikaa sawasawa, hayakuchezacheza hata kidogo. Na yalikuwa yamejaa. Meno yote, kuanzia gego mpaka gego, na mawili mapya kabisa pale mbele, yamesimama kama askari wa geti.

Alipewa kioo. Akajitazama kwa muda mrefu. Akajaribu kutamka jina langu, lile la nyumbani, likatoka limekwama. Akajaribu kutema mate kwenye kile kibeseni cha pembeni, yakamtiririka kidevuni. Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza, kuonekana na binti yake na daktari akijidondoshea mate kama mtoto mchanga. Akajifuta kwa ncha ya shuka.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akimaanisha yule wa kwenye kioo.

Akayatoa, akayaweka kwenye kiganja cha daktari, akasema asante sana, na kwamba tukitoka tupitie dukani kununua unga wa uji.

Mimi nilibaki pale nikiwa nimeshapandwa na hasira. Nikamuuliza daktari tulielewana nini. Akafungua kompyuta kunionyesha. Palikuwa na fomu. Kila jino lina namba yake, na pembeni ya kila namba kuna chaguo tatu: lipo, limeharibika, limekosekana. Ukichagua limekosekana, kompyuta inajaza. Hakuna chaguo la nne.

"Nilijaribu kuyafuta, mama," alisema. "Nikifuta, inaleta onyo jekundu na haitumi. Mfumo haukubali."

Mfumo haukubali. Labda mtu mwingine angepokea maneno hayo vizuri zaidi. Mimi nafanya kazi ofisi ya umma, dirishani, na kwa miaka mingi nimekaa upande wa ndani nikiwaambia wastaafu maneno hayo hayo. Baba wa watu ametoka Terrat kwa miguu, jina lake lina herufi moja imezidi, namwambia mfumo haukubali, namwona anakunja karatasi zake. Sikuwahi kusimama upande wa nje. Siku ile nilisimama, na nilichukia jinsi sentensi hiyo inavyofunga mlango bila mtu yeyote kuonekana ameufunga.

"Basi andika kwa maneno," nilimwambia. "Kuna mahali pa maelezo?"

Palikuwepo, kisanduku kidogo chini kabisa. Nilisimama nyuma yake mpaka akaandika: tafadhali acha nafasi ya meno mawili mbele chini, mgonjwa anataka hivyo. Nikamwambia aongeze kwamba ni mila. Akaongeza.

Mara ya pili kiboksi kilichukua wiki tatu. Kinywa cha mama kilipigwa picha upya, akavaa nguo ile ile ya kanisani, na meno yakaja yamejaa. Rangi ilikuwa sahihi, hata kile kijimstari. Walikuwa wamepatia maji yetu wakatukosea sisi wenyewe.

Daktari alipiga simu Dar es Salaam mbele yangu, akaweka spika ili nami nisikie. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alisema ndiyo, maelezo waliyaona, lakini programu ilitoa taarifa kwamba kliniki imesahau meno mawili, na wao wakaona ni kosa la kuandika, kwa hiyo wakatusaidia kurekebisha.

"Mmetusaidia," daktari alirudia.

"Karibuni sana," kijana alisema.

Nikamwomba daktari basi ayakate yeye mwenyewe hapo hapo, ana vifaa vya kusagia vya kila aina. Akaniambia kwamba haruhusiwi kugusa kitu kilichotoka kwenye mashine. Kikipasuka, inaandikwa kwa jina lake, na makao makuu wanaona. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakuwa amekosa yeye, na nilijua, lakini yeye ndiye aliyekuwa na uso wa kugombezwa.

Alinivumilia. Nilipomaliza alisema, "Mama, hii kitu imefundishwa kwa picha za vinywa. Vya kahawia tumeipelekea vingi. Vyenye nafasi ya hivi hatujaipelekea. Bibi zetu wenye nayo hawaji hapa, na wanaokuja, wengi walishaziba."

Aliposema hivyo macho yake yalishuka kwenye mdomo wangu, sekunde moja tu, kama daktari yeyote wa meno anavyotazama midomo ya watu. Nikafunga mdomo.

Sasa niseme, kwa sababu bila hili habari nzima itakuwa ya uongo. Mimi pia nilitolewa. Nilikuwa na miaka tisa, karibu ya mwisho katika ukoo wetu kufanyiwa hivyo. Alikuja mama mmoja jirani mwenye kisu kidogo na mkono mwepesi. Kisu chenyewe nakikumbuka kwa mbali tu. Ninachokikumbuka zaidi ni mama yangu amechuchumaa mbele yangu, kiganja chake amekikinga chini ya kidevu changu, akaniambia, "Tema." Nikatema damu na jino. Akasema tena, "Tema," nikatema la pili. Akafunga kiganja, akazunguka nyuma ya nyumba, na sijui mpaka leo aliyaweka wapi. Niliporudi shuleni nilitembea nikicheka hovyo ili wenzangu waone.

Nikaishi na embuata yangu mpaka nilipopata kazi. Wiki ya kwanza ofisini, dada mmoja aliyetoka mkoa mwingine alinivuta pembeni kwa huruma ya kweli, akaniuliza kama mume wangu ananipiga. Nilikuwa hata sijaolewa. Nilicheka naye, nikaenda chooni, nikajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokiona yeye. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimetengenezewa kibati cha kuvaa na kuvua, chenye meno mawili, kinachoshikilia kwa nyuma. Mama aliponiona nilimwambia daktari ameamuru, ati meno mengine yatalala upande yakiachwa hivyo.

"Kama daktari amesema," mama alijibu, na hatukulizungumza tena kwa miaka ishirini na nne.

Ndiyo maana hasira yangu kliniki ilikuwa kubwa kupita kiasi. Nilikuwa napigania kwa sauti ya juu kitu ambacho mimi mwenyewe nilikifunika kimyakimya. Hilo nilikuwa nalijua nikiwa nimesimama pale, na lilinifanya nigombe zaidi.

Mama alianza kukataa hata kuja mjini. Nikipiga simu anasema anaendelea vizuri, na nyuma yake nasikia kijiko kikigonga bakuli la uji. Nilipokwenda Olasiti nilimkuta amepunguza mikufu, amebaki na mmoja. Nilimbembeleza ayavae yale meno yalivyo, angalau wakati wa kula.

"Nikiyavaa nitatafuna nyama kwa mdomo wa nani?" aliuliza.

Aliyetufungulia njia ni yule yule binti daktari. Nilikwenda kliniki kuchukua kiboksi, nimeshakata tamaa, na wakati anaandika risiti aliigeuza akaandika maelekezo nyuma. Kabla mashine haijaja, alisema kwa sauti ya chini, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza meno kwa mkono katika chumba cha nyuma. Mashine ilipokuja aliambiwa akapumzike. Sasa yuko kwake Terrat, anafuga kuku. Yeye hayuko kwenye mfumo, kwa hiyo hakuna wa kumwandika.

Jumamosi nikampakia mama kwenye gari, yeye na kiboksi chake, tukaenda.

Mzee alikuwa Mmeru, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, wa umri wa mama au karibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ananitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Yeye na mama wakasalimiana kwa kirefu, habari za watoto, za mvua, za ng'ombe, kana kwamba hatukuja kwa jambo lolote. Kisha akatuingiza stoo. Kati ya magunia ya chakula cha kuku palikuwa na meza yake ya kazi, safi kabisa, na mashine ndogo ya kusagia imefunikwa kwa kitambaa.

Aliyageuza yale meno kwenye mwanga wa mlango. Nilitegemea atayaponda, na nilikuwa tayari kumsaidia kuyaponda.

"Kazi nzuri," alisema. "Mimi nisingeweza kuyakalisha hivi. Hata rangi."

Akanawa mikono, akamulika kinywa cha mama kwa tochi. Hakuuliza nini kimepotea. Aliuliza, "Upana gani?"

Nilikuwa nimekwenda mara sita kwenye ile kliniki, na hakuna mtu wala mashine iliyouliza swali hilo. Mama alichomeka ukucha wa kidole chake cha mwisho katikati ya vidole viwili vya mkono mwingine, akampimia. Mzee akaweka alama kwa penseli. Akawasha mashine yake. Nilihesabu pumzi tu, kwa sababu nilihofia yatapasuka na tutaanza upya na fomu ile. Vumbi la kahawia likaangukia kitambaani. Akazungusha, akalainisha, akapitisha kidole, akalainisha tena. Chai tuliyokaribishwa ilikuwa bado ya moto alipozima.

Mama aliyavaa mwenyewe. Akatoka nje, akapokea kikombe cha maji, akasukutua, akatema. Maji yalitoka membamba, yamenyooka, yakatua mbali, pale alipokuwa amepakusudia. Akakunja mdomo, akapiga mluzi. Kuku wote bandani wakainua vichwa.

Akaniangalia, na alikuwa mama yangu. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta ufunguo wa gari kwenye mkoba.

Mzee alikuwa anafuta mikono mlangoni, ameridhika. "Leo nimeondoa mawili," alisema. "Niliyoyaweka ni mengi, mama. Hata ya huyu binti yako ni mimi. Nilipomwona tu nimemkumbuka, ingawa yeye amenisahau."

"Ndiyo," mama alisema. "Daktari alisema mengine yatalala."

"Daktari gani?" Mzee hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakumbuka kazi yake tu. "Daktari alimkatalia. Alimwambia meno yako yamesimama imara, huna haja. Akakaa kwenye benchi la hospitali nilikokuwa wakati huo, siku nzima hataki kuondoka, mpaka wakamleta kwangu. Na mimi nilimuuliza mara mbili, una hakika?"

Nilitazama kuku. Kuku walikuwa wamerudi kwenye chakula chao.

Katika miezi ile minne mama alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki akinisikiliza nikifoka, na alikuwa amejifunza neno moja jipya la Kiswahili cha ofisini. Sasa akalitumia.

"Kumbe mfumo ulikuwa wewe," alisema.

"Yeyo," nilimwita mama kwa Kimaa, "nilikuwa mdogo. Ofisini walikuwa wananiuliza."

"Sikatai. Lakini unamgombeza yule binti wa watu, unaigombeza na mashine. Si alisema inajifunza kwa kuona? Ingeona wapi?"

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejibu, mimi najua kujibu. Alisogea mpaka akawa mbele yangu, akainua mkono wake wa kulia, akakinga kiganja chini ya kidevu changu. Mzee aliona, akageuka kufunika mashine yake.

"Tema," mama alisema.

Nina miaka hamsini na mbili. Nina cheo, nina ofisi yenye jina langu mlangoni. Nikasukuma kile kibati kwa ulimi, kikaachia, na nikatema. Hewa iliingia pale mbele ikawa baridi. Mama alifunga kiganja, akakitia kibati kwenye mkunjo wa shuka yake, akazunguka nyuma ya banda la kuku. Sikumuuliza anakwenda kukiweka wapi.